Ibrahim Müteferrika: Msomi wa Dini Aliyegeuka Mchapaji



Katika jumuiya yetu kuna swali linalorudi kila mwaka, hasa kwa ndugu wanaosoma sheria, lugha, historia na masomo ya dini. Wanasoma matangazo ya kazi na kuona mengi yanataka watu wa kompyuta. Basi wanauliza: mimi niliyeachana na hesabu tangu sekondari, naweza kweli kuingia katika kazi za teknolojia? Majibu wanayopewa huwa mawili. Wapo wanaowaambia kwamba wamechelewa, na kila mtu abaki na alichosomea. Wapo wanaowaambia walipe ada ya mafunzo ya miezi mitatu, watatoka mafundi kamili.

Mimi siridhiki na jibu lolote kati ya haya mawili, na sababu yangu ni maisha ya Ibrahim Müteferrika, Mwislamu aliyeishi Istanbul karibu miaka 300 iliyopita. Katika zama zake hakukuwa na kompyuta. Teknolojia ambayo Waislamu wa dola yake walikuwa hawajaishika kwa mikono yao ilikuwa ya kuchapa vitabu. Yeye hakuwa fundi wala mtoto wa fundi. Alisomea dini, akafanya kazi ya ukalimani na ujumbe wa serikali, kisha akiwa mtu mzima akaanzisha matbaa, yaani kiwanda cha kuchapa vitabu, ambayo jina lake limebaki katika historia. Naomba tumfuate hatua kwa hatua, tuone alivyovuka.

Kijana wa Kolozsvár

Alizaliwa karibu mwaka 1674 katika mji wa Kolozsvár, nchi ya Transylvania. Leo mji huo unaitwa Cluj-Napoca na uko Romania. Kwa asili alikuwa Mhungaria, wa familia ya Kikristo, na jina alilopewa na wazazi wake halikuhifadhiwa. Alisomea dini ya Kikristo, na katika masomo hayo alijifunza Kilatini, lugha ya wasomi wote wa Ulaya wa wakati ule. Watafiti kadhaa wanaona kwamba alitoka katika kundi la Waunitari, Wakristo wanaokataa itikadi ya Utatu.

Miaka ya 1690 vita kati ya Dola ya Uthmaniya na Austria vilikuwa vikiendelea katika nchi hizo. Simulizi moja inasema kijana huyu alitekwa na askari wa Kituruki, akauzwa utumwani Istanbul, na huko akasilimu. Wanahistoria wengine wanaona kwamba alikwenda upande wa Waothmani kwa hiari yake, kwa sababu Wahungaria wengi wakati huo walikuwa wakipigana na Austria. Vyovyote iwavyo, alifika Istanbul akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akawa Mwislamu, akaitwa Ibrahim.

Akaanza kusoma upya. Alijifunza Kituruki cha Kiothmani na elimu za Kiislamu, na mwaka 1710 aliandika risala ya kuutetea Uislamu, humo akitumia yale aliyoyajua kutoka vitabu vya Kikristo. Mwaka 1716 aliingizwa katika kikosi cha watumishi wa kasri walioitwa müteferrika, na jina la kazi hiyo likawa ndilo jina lake mpaka leo. Alitumwa Vienna kwa mazungumzo na Waaustria. Baadaye akawa mkalimani na kiungo kati ya serikali na Ferenc Rákóczi, mtawala wa Wahungaria aliyekuwa uhamishoni katika nchi ya Waothmani.

Hadi hapo, ndugu msomaji, hakuna ufundi wowote. Tunaye mtu wa lugha na wa dini ambaye ni mtumishi wa serikali, na umri wake umeshapita miaka 40. Nasisitiza umri kwa sababu wapo kati yetu wenye miaka 23 wanaosema treni imeshaondoka.

Ubao mmoja

Alianza na kitu kidogo. Karibu mwaka 1719 alichonga ramani ya Bahari ya Marmara, bahari iliyo mlangoni mwa Istanbul, juu ya ubao mgumu, akaupaka wino na kuchapa. Nakala aliipeleka kwa Waziri Mkuu, Damad Ibrahim Pasha, na juu yake aliandika kwamba ikitolewa amri, kubwa zaidi zinaweza kutengenezwa. Miaka michache baadaye alitoa ramani ya Bahari Nyeusi.

Mimi naiona ramani ile kuwa ndiyo siri ya habari yote. Ibrahim hakumwendea waziri akiwa na maneno matupu, wala hakusubiri mpaka awe na kiwanda. Alikwenda na karatasi moja iliyochapwa, ambayo waziri angeweza kuishika mkononi na kuona mwambao anaoufahamu. Anayetaka kuingia katika kazi hizi leo huulizwa jambo lile lile: umetengeneza nini? Vyeti huangaliwa baadaye.

Tusisahau pia kwamba kuchapa hakukuwa jambo geni mjini Istanbul. Mayahudi waliokimbia Hispania walikuwa wakichapa vitabu vya Kiebrania mjini humo tangu 1493. Waarmenia walifuata mwaka 1567, na Wagiriki mwaka 1627. Huko Ulaya vitabu vya Kiarabu vilikuwa vikichapwa, hata Qur'ani ilichapwa Venice karibu mwaka 1538, lakini ikiwa na makosa mengi ya herufi. Kilichokosekana ni Waislamu wenyewe kuishika kazi hiyo. Kwa hiyo Ibrahim hakuvumbua mtambo. Alichukua ujuzi uliokuwa kwa majirani zake, mitaa michache kutoka kwake, akaupeleka pale ulipohitajika.

Mwenzi na mwalimu

Mwaka 1720 Sultani Ahmed wa Tatu alimtuma balozi Paris, Mehmed Çelebi, naye akafuatana na mwanawe Said Efendi. Said alirudi mwaka 1721 akiwa amevutiwa sana na kazi ya uchapaji aliyoiona Ufaransa. Akaungana na Ibrahim. Said alikuwa na jina la familia na njia ya kuwafikia wakubwa, na Ibrahim alikuwa na ramani zake, lugha zake, na miaka ya kujaribu.

Lakini ramani ya ubao si kitabu. Kitabu kinahitaji herufi za risasi zinazopangwa, kufumuliwa na kupangwa tena. Kila herufi huchongwa kwanza juu ya kichwa cha chuma kigumu. Chuma hicho hugongwa juu ya kipande cha shaba na kuacha shimo lenye umbo la herufi, kisha risasi iliyoyeyushwa humiminwa humo. Sisi tuliopita madrasa tunaelewa haraka kwa nini kazi hii ni nzito zaidi kwa Kiarabu. Herufi za Kilatini husimama mbalimbali. Herufi kama ʿayn ina umbo la mwanzo, la katikati, la mwisho na la pekee, na nyingine huungana na jirani zake kwa namna yake. Alfabeti ya herufi 28 hugeuka mamia ya vipande vya risasi, na Kituruki cha wakati ule kilikuwa na herufi za kuongeza juu ya hizo.

Ibrahim hakujidai kuwa anaweza yote hayo peke yake. Alimchukua Yona, mchapaji wa Kiyahudi wa Istanbul aliyekuwa na ujuzi wa kuchonga na kumimina herufi. Msomi aliyekuwa amekaa meza moja na mabalozi alikubali kufundishwa na fundi. Nawaomba wenzangu wenye shahada walizingatie hili. Mara nyingi kinachomzuia mtu wa sheria au wa fasihi kujifunza informatiki si akili yake. Ni uzito wa kukaa mbele ya kijana wa mwaka wa kwanza na kumwambia, nifundishe.

Andiko lililofungua mlango

Mwaka 1726 Ibrahim alikuwa tayari kuomba ruhusa. Alieleza kwamba ameishughulikia kazi hii kwa miaka minane. Aliwasilisha kurasa chache za kamusi zilizochapwa kama mfano, pamoja na risala aliyoiita Vesiletü't-Tıbaa, yaani njia ya uchapaji.

Risala ile ni kazi ya mtu aliyesomea dini na historia, na fundi wa risasi asingeweza kuiandika. Alikumbusha vitabu vya Waislamu vilivyopotea Wamongolia walipoingia Baghdad, na vilivyopotea Andalus ilipoanguka. Alionyesha kwamba waandishi wa mkono wamepungua na nakala zao zina makosa. Alisema kitabu kilichochapwa kitashuka bei, kitawafikia wanafunzi wasio na uwezo na watu wa miji ya mbali, na kwamba mbele na nyuma yake unaweza kuweka orodha ya yaliyomo, ili msomaji apate anachotafuta bila kupekua kurasa zote. Aliongeza kwamba Wazungu wanatuchapia vitabu vyetu kwa makosa, na kwamba kazi hiyo na heshima yake ni haki yetu wenyewe.

Ombi likapelekwa kwa Sheikh-ul-Islam, Abdullah Efendi. Hapa naomba tuwe waadilifu kwa wanazuoni wetu, kwa sababu wengi wamezoea kusema kwamba dini ndiyo iliyozuia uchapaji. Sheikh-ul-Islam alitoa fatwa ya kuruhusu: maadamu kitabu kimesahihishwa na watu wenye elimu, kuchapa nakala nyingi kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo ni jambo jema. Wanazuoni wengine wakubwa waliandika kuiunga mkono kazi hiyo. Mwezi wa Julai 1727 Sultani Ahmed akatoa firmani. Ruhusa ilikuwa na mpaka: kamusi, historia, falaki, hekima na mfano wa hizo zichapwe, lakini Qur'ani, tafsiri, hadithi na fiqhi zibaki kwa waandishi wa mkono. Waliteuliwa pia wasahihishaji wanne, watatu wakiwa watu waliowahi kushika ukadhi na wa nne sheikh wa zawiya ya Mevlevi.

Ibrahim aliukubali mpaka ule. Hakusema ama yote ama basi. Ndani ya uwanja aliopewa palikuwa na kazi ya kumtosha maisha yake yote.

Vitabu 17

Matbaa iliwekwa nyumbani kwake, katika mtaa wa Sultan Selim. Kitabu cha kwanza kilitoka tarehe 31 Januari 1729. Kilikuwa kamusi ya Vankulu, yaani Sihah ya al-Jawhari ya Kiarabu iliyofasiriwa kwa Kituruki, juzuu mbili, kwa bei ya kuruş 35 iliyowekwa na serikali. Tangu ramani ya Marmara mpaka siku ile ilikuwa imepita miaka kama kumi, na mchapaji alikuwa na umri wa miaka 55 hivi.

Uchaguzi wa kitabu hicho haukuwa wa bahati. Mtu wa lugha alijua kwamba kamusi ndiyo inayotafutwa na kila mwanafunzi wa madrasa. Mwaka ule ule alichapa kitabu cha Katip Çelebi juu ya vita vya majini vya Waothmani. Mwaka 1730 alitoa historia ya bara la Amerika yenye picha, na sarufi ya Kituruki kwa wasemaji wa Kifaransa. Mwaka 1732 alitoa Cihannüma, jiografia kubwa ya Katip Çelebi, yenye ramani na michoro. Humo Ibrahim aliongeza maelezo juu ya falaki mpya ya Ulaya, hata rai ya Copernicus kwamba dunia hulizunguka jua. Mwaka huo huo alichapa kitabu kidogo juu ya sumaku na dira, ambacho alikifasiri mwenyewe kutoka Kilatini. Tazameni mzunguko huo: Kilatini alichofundishwa ili awatumikie Wakristo kanisani, akakitumia kuwaeleza Waislamu jinsi sindano ya dira inavyofanya kazi.

Mambo hayakuwa laini. Mwezi wa Septemba 1730 askari aliyeitwa Patrona Halil aliongoza maasi mjini Istanbul. Waziri Mkuu aliyekuwa mlinzi wa matbaa akauawa, na Sultani Ahmed akaondolewa madarakani. Mradi uliosimama kwa mkono wa wakubwa wawili ungeweza kufa wiki ile. Haukufa. Ibrahim aliandika kitabu juu ya utaratibu wa dola na sababu za nguvu za majeshi ya Ulaya, akakitoa kwa Sultani mpya, Mahmud wa Kwanza, na kukichapa mwaka 1732. Kazi ikaendelea. Said Efendi naye alichukuliwa na kazi za serikali, na miaka mingi baadaye akafikia kuwa Waziri Mkuu.

Ibrahim mwenyewe hakuacha utumishi wake. Kati ya vitabu vya 1734 na vya 1741 matbaa ilikaa kimya, naye katika miaka hiyo alitumwa huku na huko, hata Poland. Kitabu cha mwisho, kamusi ya Kiajemi kwa Kituruki, kilitoka 1742. Jumla ni vitabu 17 tu. Tena havikununuliwa vyote. Alipofariki katikati ya miaka ya 1740, orodha ya mirathi yake ilikuwa na nakala nyingi ambazo zilikuwa bado hazijauzwa.

Tunachoondoka nacho

Baadhi ya watu huzitazama nakala zile zilizobaki na kusema alishindwa. Mimi sioni hivyo, ingawa sitaki kuzificha. Anayewaahidi wanafunzi kwamba teknolojia ni njia ya mkato ya kupata mali, awasomee kwanza orodha ile ya mirathi. Ibrahim hakutajirika haraka, na mshahara wa serikali ndio uliomshika mkono muda wote. Ndugu anayetaka kuvuka kutoka kitivo chake kwenda kompyuta asitupe kinachomlisha kabla ya wakati.

Lakini kubwa ninalotaka kulisema ni hili. Ibrahim hakuvuka kwa kuiacha elimu yake mlangoni. Istanbul ilikuwa na mafundi wa chapa kwa zaidi ya miaka 200 kabla yake, na wengi wao walimzidi kwa ufundi. Kilichokuwa hakipatikani ni mtu anayejua wasomaji Waislamu wanahitaji kitabu gani, anayeweza kumwandikia waziri akaelewa, kumuuliza mufti swali linalojibika, kusoma Kilatini na kufasiri. Kwa hayo, mtu asiye fundi alikuwa ndiye anayehitajika. Ufundi uliobaki alijifunza kwa miaka minane na zaidi, na asioujua alimpa Yona.

Tuitazame hali yetu hapa Bujumbura. Wengi wetu tumekulia Kiswahili nyumbani na Kirundi mtaani, tumesoma kwa Kifaransa darasani na kwa Kiarabu madrasa, na Kiingereza tunakiongeza kwa juhudi. Tunaijua mirathi ya Kiislamu na mafungu yake, tunaijua zaka na hesabu zake. Programu inayomsaidia imamu kugawa mirathi kwa lugha anayoielewa mjane wa Buyenzi haiwezi kuandikwa vizuri na fundi asiyeijua faraidh. Wala haiwezi kuandikwa na mwanafunzi wa faraidh ambaye hajawahi kugusa mstari mmoja wa programu. Pengo hilo liko wazi, na sisi tumesimama karibu nalo kuliko wengi.

Kwa hiyo, ndugu unayeuliza kama inawezekana, anza na ubao wako mmoja. Tengeneza kitu kidogo ambacho mtu anaweza kukishika na kukijaribu: jedwali la nyakati za swala la msikiti wenu, au orodha ya vitabu vya maktaba ya jumuiya yetu inayoweza kupekuliwa kwa jina la mwandishi. Tafuta Yona wako katika kitivo cha informatiki, na ukae naye kwa adabu ya mwanafunzi. Jipe miaka, usijipe miezi.

Namalizia na jambo moja lililonifurahisha. Baada ya Ibrahim kufariki, matbaa ilishikwa na mwanafunzi wake ambaye naye aliitwa Ibrahim, na katika miaka ya 1750 ikachapa tena ile kamusi ya kwanza ya Vankulu. Mwanafunzi huyo alikuwa kadhi. Msomi wa dini alimwachia mtu wa sheria mtambo wa chapa, na mtambo ukaendelea kugeuka.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibrahim Müteferrika na wote waliohangaika ili elimu iwafikie watu, na atujaalie elimu yenye manufaa na subira ya kuitafuta. Amin.